Bustani ya vyombo kwenye nafasi finyu: mwongozo kamili wa kuanza majira ya machipuko

Mche wa nyanya uliopandwa ardhini unaweza kushusha mizizi zaidi ya mita moja kufuata maji. Mche uleule ukiwekwa kwenye ndoo hauna pa kwenda. Maji, hewa na chakula chake chote vimo ndani ya ule udongo uliojaza wewe, na ukikauka adhuhuri, hakuna tabaka la chini litakalouokoa.

Kwa hiyo ushauri wangu mkuu ni huu: anza na vyombo vichache vikubwa, si vingi vidogo. Mwenye vyombo vitatu au vinne vyenye udongo wa kutosha atavuna. Aliyejaza roshani nzima vikopo vya lita mbili atashinda akikimbizana na kiu ya mimea, na kiangazi kikiingia kitamshinda.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye roshani, baraza, ngazi za mlangoni, paa bapa au ukingo wa dirisha tu, anayeishi mahali penye majira ya baridi na anayetaka kupanda mara baridi inapolegea.

Hatua ya 1: Lisome jua kabla ya kununua chochote

Chagua siku isiyo na mawingu. Kuanzia asubuhi hadi jioni, kila baada ya saa moja, piga picha ya nafasi yako ukiwa umesimama mahali palepale. Jioni zipange picha hizo, uhesabu kila kona imepata jua la moja kwa moja kwa muda gani. Ni kazi ya siku moja, na itakuamulia mimea kuliko picha yoyote nzuri iliyo kwenye pakiti ya mbegu.

Kona inayopata jua kwa muda wa saa 6 hadi 8 inafaa mimea ya matunda: nyanya, pilipili, biringanya, matango, maharage. Ikipata saa 4 au 5, panda saladi, spinachi, figili, vitunguu vya majani na giligilani. Ikipata chini ya hapo, nanaa na kotimiri zitavumilia, ila zitakua polepole. Usijaribu kubishana na kivuli. Nyanya iliyokosa jua itarefuka, itapauka na kutoa maua machache, na hakuna mbolea inayochukua nafasi ya jua.

Kaskazini mwa ikweta, upande unaotazama kusini ndio wenye jua zaidi. Kusini mwa ikweta ni kinyume chake. Roshani ya mashariki hupata jua la asubuhi lililo pole, zuri kwa mboga za majani. Ya magharibi hupata jua la alasiri, nalo huchoma na kupasha vyombo moto.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulikosa. Mwanzoni mwa machipuko jua hupita chini angani, likapenya hadi ndani kabisa ya roshani. Kufikia kiangazi limepanda juu, na sakafu ya jirani wa juu yako inaweza kulikata kabisa. Miti iliyo uchi sasa nayo itakuwa na majani. Rudia kipimo baada ya mwezi mmoja, kabla ya kuzipa nyanya makao ya kudumu.

Hatua ya 2: Uzito, upepo na maji

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Chombo cha lita 40 kilichojaa udongo uliolowa kinaweza kufika kilo 40 au kuzidi. Kwenye roshani, weka vyombo vizito karibu na ukuta wa jengo, mbali na ukingo wa nje, na kama nyumba ni ya kupanga, muulize mwenye nyumba kabla ya kujaza vyombo. Chochote kinachoning'inia kwenye reli kifungwe kwa nguvu, tena kiwe upande wa ndani.

Upepo hukausha majani na udongo haraka kuliko watu wanavyodhani. Wavu uliofungwa kwenye reli hupunguza kasi yake vizuri kuliko ubao mzima, kwa kuwa ubao huurusha upepo juu kisha ukashuka kwa vishindo upande wa pili.

Kuhusu maji, pima umbali kutoka bomba hadi vyombo. Kama ni kubeba ndoo kupanda ngazi kila siku, punguza idadi ya vyombo tangu sasa.

Hatua ya 3: Kuchagua vyombo

Chombo chochote kinachoshika udongo, kinachotobolewa chini na ambacho hakijawahi kubeba sumu, rangi wala mafuta ya mitambo kinafaa. Ndoo zilizokuwa na chakula ni bora sana. Kreti za plastiki zilizotandikwa kitambaa ndani zinafaa kwa mboga za majani. Mbao kuukuu usizozijua asili yake ziache, kwani baadhi zilitiwa dawa zenye aseniki ili zisioze.

Kila malighafi ina tabia yake. Vyungu vya udongo hupumua na kusaidia mizizi kupata hewa, lakini hukauka haraka na vinaweza kupasuka barafu ikiganda ndani. Plastiki ni nyepesi na hutunza maji. Mifuko ya kitambaa kizito ni chaguo langu kwa nyanya na viazi mviringo: mzizi ukifika ukingoni na kukutana na hewa huacha kurefuka, ukatoa matawi badala ya kuzunguka chombo, na mwisho wa msimu mfuko unakunjwa na kuwekwa kabatini. Gharama yake ni kumwagilia mara nyingi zaidi. Bati na chuma hupata moto; ukivitumia, visogeze kivulini ili jua lipige majani tu.

Sasa vipimo. Saladi, spinachi na figili zinatosheka na kina cha sentimita 15 hadi 20. Maharage na njegere zinataka 20 hadi 25. Karoti fupi zinahitaji 20, ndefu 30. Pilipili moja inataka lita 10 hadi 12, na biringanya 15 hadi 20. Nyanya ya aina fupi, ile inayofika kimo chake ikakoma, inataka lita 20 peke yake. Ile inayoendelea kurefuka msimu mzima ipe lita 40 ukiweza. Chombo cha duara chenye upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 30 hubeba takriban lita 21. Sanduku la 60 kwa 20 kwa 20 hubeba lita 24.

Toboa matundu matano au sita yenye upana wa sentimita moja chini ya ndoo ya lita 20, kisha iinue juu ya vipande vya mbao au matofali ili maji yapate njia. Funika matundu kwa kipande cha wavu, udongo usichuruzike.

Usiweke kokoto chini. Ushauri huo umezoeleka mno, lakini unafanya kinyume cha kinachotarajiwa. Maji hayatoki kwa urahisi kwenye udongo wenye chembe ndogo kwenda kwenye tabaka lenye nafasi kubwa. Hujikusanya juu ya kokoto mpaka udongo ushibe kabisa. Matokeo yake ni kwamba ile sehemu ya chini inayobaki chepechepe inasogea juu, karibu na mizizi. Jaza udongo mmoja kuanzia chini hadi juu.

Hatua ya 4: Udongo

Hapa ndipo penye bustani yenyewe, na kama una fedha kidogo za kutumia, zitumie hapa.

Udongo wa kuchota uwanjani haufai peke yake. Ardhini una minyoo, mizizi na kina kirefu vinavyousaidia kupitisha maji na hewa. Ndani ya chombo, baada ya kumwagiliwa mara kadhaa, hushikana ukawa tofali, maji yakapita pembeni na mizizi ikakosa hewa. Tena huja na mbegu za magugu na vimelea vya magonjwa.

Mchanganyiko mzuri una vitu vitatu. Cha kwanza kinashika maji: kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi, au mboji ya kinamasi. Cha pili kinalisha: mboji iliyoiva kabisa, nyeusi, yenye harufu ya ardhi baada ya mvua na isiyo na joto ukiingiza mkono. Cha tatu kinafungua nafasi za hewa: perlaiti (chembe nyeupe nyepesi zinazouzwa kwa ajili ya bustani), mawe mepesi ya volkano yaliyosagwa, au maganda ya mpunga yaliyounguzwa yakawa meusi bila kuwa majivu. Vipimo vyangu ni sehemu mbili za kwanza, moja ya pili na moja ya tatu. Mboji isizidi theluthi moja: ikiwa nyingi, chombo hushika maji kupita kiasi na kuporomoka kadiri inavyoendelea kuoza. Samadi mbichi usiitie kabisa. Huunguza mizizi na hubeba vijidudu vinavyoweza kumdhuru mla mboga.

Kokopiti huuzwa ikiwa imeshindiliwa. Tofali la kilo 5 likilowekwa hutoa takriban lita 60 hadi 70, jambo linalofaa sana kwa anayepandisha mizigo ghorofani. Lisuuze kwa maji safi kama halikuoshwa kiwandani, maana baadhi huwa na chumvi.

Changanya vikiwa na unyevu. Kamata konzi moja na uminye: ukishikana na kutoa tone moja au mawili, uko tayari. Ukitiririka, umezidi, ukisambaratika, ongeza maji. Jaza chombo hadi ibaki sentimita 3 juu, ukikitikisa bila kushindilia, kisha mwagilia na uongeze palipodidimia.

Hatua ya 5: Nini kipandwe lini

Machipuko ni misimu miwili iliyofuatana, na anayeichanganya hupoteza miche.

Mimea ya ubaridi ni saladi, spinachi, figili, njegere, vitunguu vya majani na giligilani. Hii inaweza kusiwa nje wiki 4 hadi 6 kabla ya tarehe ya kawaida ya jalidi ya mwisho, yaani usiku wa mwisho wa umande kuganda, mahali unapoishi. Mbegu ya saladi huota hata udongo ukiwa na nyuzi joto chache tu za Selsiasi, na hugoma joto likipita 27 hivi. Ukichelewa kwa kusubiri "hali ya hewa iwe nzuri", utakuwa umezikosesha wakati wake.

Mimea ya joto ni nyanya, pilipili, biringanya, matango, maharage na mrehani. Hii haitoki nje mpaka jalidi imekwisha na usiku haushuki chini ya nyuzi 10. Kwa pilipili na mrehani subiri hata 12 au 13. Mchana wenye jua hudanganya. Kinachoamua ni usiku, na mche uliopigwa na baridi hudumaa kwa muda mrefu hata ukipona.

Ndiyo maana mimea ya joto huoteshwa ndani kwanza: pilipili wiki 8 hadi 10 kabla ya jalidi ya mwisho, nyanya wiki 6 hadi 8. Kama dirisha lako lina mwanga hafifu au muda umekupita, nunua miche. Hakuna aibu yoyote. Chagua mifupi, minene ya shina, yenye kijani kizito na isiyo na maua bado. Figili, njegere, karoti na maharage zisie moja kwa moja chomboni, kwa kuwa hazipendi kuhamishwa.

Kwa msimu wa kwanza ningependekeza hivi: sanduku moja la saladi na figili pamoja, chombo kimoja cha njegere chenye fito za kupandia, ndoo moja ya nyanya fupi, na chungu kimoja cha mrehani. Nanaa ikikuvutia, ipe chungu chake peke yake. Ukiichanganya na wenzake, mizizi yake itatawala chombo kizima.

Hatua ya 6: Kuotesha na kuzoesha miche

Fukia mbegu kwa kina cha mara mbili au tatu ya unene wake. Za saladi zinyunyizie udongo mwembamba tu, kwa kuwa mwanga huzisaidia kuota. Pilipili huota vizuri kwenye nyuzi 24 hadi 29, hivyo trei ikae mahali penye joto. Mara zinapochomoza, joto si muhimu tena kama mwanga. Miche inayoinamia dirishani na kuwa na shina la uzi inakuomba mwanga zaidi.

Adui wa miche ndani ya nyumba ni kinyaushi: shina hulegea usawa wa udongo na mche huanguka ukiwa bado kijani. Husababishwa na kuvu wanaopenda unyevu uliotuama. Tumia trei safi, mwagilia kwa chini, acha uso wa udongo ukauke kidogo, na usibananishe miche.

Kabla ya kuitoa nje moja kwa moja, izoeshe kwa siku 7 hadi 10. Siku ya kwanza saa moja au mbili kivulini, pasipo upepo. Kila siku ongeza muda na jua kidogo. Usiku irudishe ndani mpaka siku za mwisho. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi na wenye haraka, na jua la siku moja tu linatosha kuyaunguza majani yakawa meupe kama karatasi.

Hatua ya 7: Kupanda

Panda jioni au siku ya mawingu. Mwagilia mche saa moja kabla. Ushike kwa jani au kwa donge la udongo, kamwe si kwa shina. Miche mingi hupandwa kwa kina kilekile ilichokuwa nacho; nyanya ni tofauti, kwani shina lake likifukiwa hutoa mizizi mipya. Ondoa majani ya chini na uifukie hadi karibu na majani ya juu.

Fito au kamba za kushikilia nyanya na njegere ziweke siku hiyohiyo. Ukingoja mmea uinuke, utachoma mizizi yake. Kisha tandaza juu ya udongo majani makavu au nyasi zisizo na mbegu, unene wa sentimita 2 hadi 3, bila kugusa shina.

Hatua ya 8: Kumwagilia

Ratiba haisaidii hapa. Kidole ndicho kipimo. Kiingize sentimita 3 hadi 5. Pakiwa pakavu, mwagilia, pakiwa na unyevu, acha. Chombo kidogo unaweza pia kukiinua: baada ya siku chache mkono wako utajua tofauti ya uzito.

Ukimwagilia, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Kunyunyiza kidogo kila siku hulowesha sehemu ya juu tu, mizizi ikabaki huko juu, na siku ya joto la kwanza mmea ukalala. Maji yaliyobaki kwenye kisahani yamwage baada ya nusu saa. Wakati mzuri ni asubuhi. Mwanzoni mwa msimu mara moja kwa siku mbili au tatu hutosha, na joto likipanda mmea mkubwa unaweza kuhitaji mara mbili kwa siku.

Wakati mwingine utaona maji yanatoka chini upesi mno ilhali mmea bado umenyauka. Udongo umekauka kiasi cha kukataa maji, na yanapita kati yake na ukuta wa chombo. Kitumbukize chombo kwenye beseni la maji kwa dakika 20 hadi 30, mpaka mapovu yaishe. Na kumbuka kuwa mmea unaozama nao hunyauka, kwa kuwa mizizi iliyokosa hewa haivuti maji. Gusa udongo kwanza, ndipo uinue kopo la maji.

Nyanya ikianza kuoza kitako, ikawa na doa jeusi lililobonyea chini ya tunda, watu hukimbilia dawa. Chanzo ni tunda kukosa kalsiamu, na mara nyingi kalsiamu imo udongoni ila haifiki kwa sababu maji yanakuja leo mengi na kesho hakuna. Sawazisha umwagiliaji, na matunda yanayofuata yatatoka salama.

Hatua ya 9: Chakula

Kila maji yanapotoka chini, hubeba virutubisho. Changanya mbolea inayoyeyuka polepole wakati wa kupanda, au anza mbolea ya maji wiki ya nne hadi ya sita, kisha kila baada ya wiki moja au mbili. Punguza kipimo cha pakiti hadi nusu mara za kwanza, na usiimwage kwenye udongo mkavu. Mboga za majani zinapenda nitrojeni. Mimea ya matunda ikianza kutoa maua, ihamishie kwenye mbolea yenye potasiamu zaidi. Nitrojeni nyingi huipa majani ya kupendeza bila matunda.

Hatua ya 10: Wadudu, maua na mavuno

Geuza majani utazame chini yake kila mara unapomwagilia. Vidukari, wale wadudu wadogo laini wanaokusanyika kwenye machipukizi, huondolewa kwa maji ya nguvu siku mbili tatu mfululizo. Wakizidi, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni laini ya maji katika lita moja, jaribu kwenye jani moja, subiri siku nzima, kisha nyunyiza jioni ukilenga chini ya majani. Vijinzi vidogo vyeusi vinavyorukaruka juu ya udongo ni dalili kwamba unamwagilia kupita kiasi.

Ghorofani nyuki ni wachache, lakini nyanya hujichavusha: zitikise taratibu shina zenye maua kila asubuhi.

Saladi ivune majani ya nje tu ukiacha moyo, nayo itaendelea kukupa kwa wiki kadhaa. Mrehani ukate juu kidogo ya pale majani mawili yanapotokea, utoe matawi mawili badala ya moja. Figili huiva siku 25 hadi 30, na ikikawia huwa ngumu na kali. Sia kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili ili usivune zote siku moja ukakosa wiki inayofuata.

Joto likizidi, saladi na spinachi zitarusha shina la maua na majani kuwa machungu. Usizihangaikie. Zing'oe, njegere zilizomaliza zikate usawa wa udongo ukiiacha mizizi ioze humo, changanya mboji kwenye sentimita za juu za udongo, isizidi theluthi moja yake, mwagilia vizuri, na usie maharage kwenye fito zilezile udongo ungali na unyevu.